Matao Kumi na Matano

Marehemu Veit aliuchonga mji huu kinyume,
kama wanavyochonga wote wanaokula kwa shaba:
kanisa la kushoto akalitia kulia,
mnara wa saa ukahamia kwa watengeneza ngozi,
ili karatasi ikilazwa juu ya bamba na kubanwa
kila kitu kirudi mahali pake.
"Daraja tu ndilo halijali," aliniambia,
akipuliza chenga za shaba zisimwingie kuchani.
"Ligeuze utakavyo,
litatoka huku, litafika kule."

Kazi yangu rangi.
Brashi ya manyoya ya kindi, karatasi thelathini kwa siku,
nyekundu ya mapaa, kijani cha mizabibu,
na buluu, ambayo bei yake ilinizidi kimo,
kwa Danubi peke yake,
nayo niliizimua hata ikakaribia kuwa maji ya kweli.
Daraja halikupakwa. Amri ya baraza.
Karani wao, Ortlieb, alikuja na kola yake ngumu
akagonga karatasi kwa ukucha:
"Hapa pabaki peupe.
Mnunuzi aliye Viena, jicho lake litue hapa kwanza."

Tena wakataka matao kumi na matano.
Tulikuwa nayo kumi na moja.
Veit alihesabu kutoka dirishani, akahesabu tena,
akafikiria kodi ya nyumba,
akachonga kumi na matano.

Asifuye mvua imemnyea;
hawa walisifu mawe, na hakuna aliyebeba hata moja.
Daraja lao la karatasini halikuwa la kuvukia.
Lilikuwa mkono ulionyooshwa mezani
ili wageni waione pete.
Lilisema, mto tumeutia lijamu.
Lilisema, ukija na chumvi utalipia hapa.

Mimi nilizaliwa ng'ambo.
Huko matao yanakoishia,
kwenye picha kuna vibanda viwili na mti,
kisha ukingo wa karatasi.
Kwa mama yangu Kunigunde, kisima, banda la bata,
makaburi ya ndugu zangu wawili:
vyote viko nje ya shaba.
Nilimuuliza Veit, mbona?
Alisema bamba limeisha.

Juu ya daraja alikuwa amechonga watu,
kila mmoja mdogo kuliko chawa:
padri, mpanda farasi, kipofu na mbwa wake,
na kwenye tao la saba mwanamke mwenye kikapu.
"Nani huyu?"
"Si mtu. Ni kipimo, wajue ukubwa wa jiwe."

Mwaka wa kifo chake barafu ilishuka mwezi wa Machi
mapande kwa mapande, ikigongana kama milango,
ikabeba matao matatu na kibanda cha ushuru.
Baraza likakaa siku mbili, likaamua:
bamba lisiguswe.
Wageni walikuja na karatasi mkononi,
wakasimama pale jiwe lilipokatika,
wakatazama mto, wakatazama picha,
na nikaona usoni mwao wameiamini picha.
Wakashuka, wakamlipa mwenye mtumbwi, wakinung'unika
kana kwamba ni yeye aliyekosea.

Shaba nayo huchoka.
Mistari myembamba hufa kwanza.
Mbwa alitoweka, akafuata kipofu,
padri akawa doa.
Daraja limebaki, maana lilichimbwa kwa kina,
matao kumi na matano, jeupe, tupu.

Basi kwa unywele mmoja wa brashi
namrudisha yule wa kikapu, karatasi baada ya karatasi.
Sina ruhusa ya mtu.
Simwelekezi mjini.
Leo nimemaliza ishirini na sita,
na buluu imekwisha.